Siku Diski ya Mwalimu Ilipotukosanisha

Mimi na mume wangu tumefanya kazi katika chumba kimoja miaka tisa, na kwa muda wote huo hatukuwahi kugombana kwa sababu ya kompyuta. Tuligombana kwa mambo mengine ya kawaida: nani ameacha dirisha wazi mvua ikaingia, nani amemwazima jirani ngazi yetu. Kompyuta ndiyo ilikuwa sehemu yetu ya amani. Ofisi yetu iko Majengo, hapa Songea, na ina meza mbili, benchi la wateja na rafu iliyojaa mashine za watu walioahidi kuzifuata wiki ijayo. Yeye ni fundi wa vyuma. Kompyuta isiyowaka ni yake. Mimi ni wa yaliyomo ndani. Mtu akifuta asichotaka kufuta, au mafaili yakigoma kufunguka, anasogezwa kwenye meza yangu.

Ilikuwa Julai, wakati ule ambapo Songea mtu anaamka anatafuta sweta kabla ya kutafuta chai. Mzee mmoja aliingia asubuhi akiwa amevaa koti zito na kofia ya kufuma, mkononi ana mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitika darasa zima. Kumbe ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Namasakata, kule Tunduru, na sasa ni mkulima wa korosho. Alikuwa amefikia kwa binti wa dada yake, Msamala, si mbali na nyumbani kwetu.

Alifungua mfuko akatoa vitu viwili: pakiti ya korosho zilizobanguliwa, ambayo aliisukuma upande wangu bila kusema neno, na diski ya nje ya kompyuta, ile tunayoiita eksteno. Akaeleza shida yake kwa utulivu, kama anayesoma taarifa kwenye kikao cha wazazi.

Tangu astaafu alikuwa akizunguka vijijini na kinasa sauti kidogo, akiwarekodi wazee wakizungumza Kiyao. Hakutafuta hadithi kubwa. Alitaka majina ya ndege, ya miti, ya uyoga, ya vyombo vya jikoni ambavyo hakuna tena anayevitumia. Alikuwa na miaka sita ya sauti kwenye diski ile, na wengine kati ya wale wazee walikuwa wameshafariki. Siku moja aliamua kuwasikilizisha wageni wake, akachomeka diski kwenye king'amuzi cha televisheni. King'amuzi kikaleta maandishi ya Kiingereza na kuuliza kitu.

"Kiliuliza kwa adabu," alisema, "na mimi nikakubali kwa adabu."

Kilikuwa kimeuliza kama kiiandae diski upya kwa matumizi yake, maana yake kifute kila kitu. Mwalimu alibonyeza ndiyo. Sekunde chache baadaye umeme ulikatika Namasakata yote, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikajikuta nawashukuru waliokata umeme. Kama king'amuzi kingepata dakika moja zaidi, ningekuwa nampa mwalimu pole tu.

Nilimwambia ukweli. Sauti zake huenda zipo zote. Kilichoharibika ni mwanzo tu, yale maelezo ambayo kompyuta inayasoma kwanza ili ijue mafaili yapo wapi. Aliuliza kama inaweza kumalizika haraka, kwa sababu mikorosho ilikuwa inasubiri kupuliziwa salfa na hakuna mtu wa kumwachia kazi ile. Nikamwambia siku mbili. Siku ya kwanza yote nilinakili diski yake kwenye diski yangu, maana sigusi diski ya mtu kabla sijapata nakala. Nikaifungia ile ya kwake kwenye droo, na kazi yote iliyofuata nikaifanyia kwenye nakala.

Kabla sijaendelea, ngoja nieleze jambo moja, maana bila hilo ugomvi wenyewe hautaeleweka. Diski hugawanywa. Mwanzoni kabisa kuna orodha fupi inayosema sehemu fulani inaanzia hapa na kuishia pale, na kila sehemu inaitwa patisheni. Diski ya mwalimu ilikuwa na patisheni moja tu, iliyochukua karibu diski yote. Katika mfumo ninaoutumia naweza kuyafikia yaliyomo ndani ya patisheni kwa majina mawili. Nikitumia jina la diski nzima, nahesabu kuanzia mwanzo wa diski. Nikitumia jina la patisheni, nahesabu kuanzia pale patisheni inapoanzia. Mahali ninapofika ni palepale. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyoamini.

Asubuhi ya siku ya pili mwalimu alikuja mapema, akakaa kwenye benchi na gazeti la juzi. Nilianza kwa kutazama mwanzo wa patisheni, nikaona takataka zilizoandikwa na king'amuzi. Bahati nzuri, aina ile ya diski huweka nakala ya ukurasa wake wa kwanza kule mwisho kabisa. Nikaichukua nakala hiyo nikaiandika mwanzoni, safari hii kwa kutumia jina la diski nzima, kwa sababu programu yangu ya uokoaji inapenda kuhesabu hivyo. Nikasoma tena kwa jina lilelile. Mwanzo ulikuwa safi.

Nikaiambia kompyuta ifungue patisheni. Ikakataa. Ikasema haitambui kilichomo.

Nilikaa nikiitazama. Nikafikiri labda kuna kitu kingine kimeharibika mbele zaidi. Saa saba ilikuwa imeshapita na njaa inauma, na nilikuwa nimeahidi kumpelekea mama mkwe dawa yake ya presha. Nikamwambia mume wangu kwamba mwanzo nimeshautengeneza, yeye aangalie kama kuna kingine. Mimi humwita baba, naye huniita mama, kama watu wengi wa umri wetu. Akasema sawa, mama, nenda kale.

Niliporudi nilimkuta ameinama kwenye meza yangu, miwani kwenye paji la uso, na mwalimu amesimama nyuma yake.

Aliniambia kwa upole kwamba mwanzo haukuwa umetengenezwa. Takataka za king'amuzi zilikuwa palepale. Yeye hakuugusa ukurasa wa kwanza, kwa kuwa nilisema huo ni kazi yangu, ila pembeni yake aliona kipande kingine kidogo ambacho king'amuzi kilikuwa kimekiandika, akakifuta kwa kuandika sifuri juu yake.

Nikasema haiwezekani, nimeutengeneza na nimeusoma kwa macho yangu. Nikavuta kiti, nikaandika amri yangu, na mwanzo ukatokea kwenye skrini ukiwa safi kabisa. Nikamwonyesha. Akatazama, akakuna kidevu, akaandika amri yake, kwa jina la patisheni, kwenye dirisha la pembeni. Takataka.

Kompyuta ni moja, diski ni moja, waya ni ule ule mmoja. Madirisha mawili yamekaa bega kwa bega kwenye skrini, langu linasema kazi imekwisha, lake linasema haijaanza. Tulirudia mara nne. Mwalimu alihamisha kichwa kushoto na kulia kila tulipopokezana, kama mtazamaji wa mpira wa meza.

Ndipo nikasema ile kauli ambayo mpaka leo naijutia kidogo. Nilimwambia mume wangu kwamba kila mtu angebaki na kazi yake tusingefika hapo. Yeye si mtu wa kupandisha sauti. Alivua miwani, akaiweka mezani, akasema pengine mimi ndiye niliyeandika mahali pasipo. Mwalimu akarudi kwenye benchi na kufunua gazeti lake, ambalo nina hakika alikuwa ameshalimaliza.

Niliamua kumaliza ubishi. Nikachomoa diski, nikahesabu mpaka kumi, nikaichomeka upya. Nilijua nitakachoona, na nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kusamehe. Nikaandika amri yangu.

Takataka zilitokea. Kwenye dirisha langu, kwa amri yangu, kwa jina la diski nzima. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa imefutika kama vile sikuwahi kuifanya.

Mume wangu alianza kufuta miwani yake kwa ncha ya shati. Uso uliniwaka mbele ya mgeni. Miaka yote hii ya kuwaambia wateja kwamba kompyuta haisemi uongo, na sasa nimesimama mbele ya mzee aliyesafiri kutoka Tunduru, sijui kama nimekuwa nikisoma au nikiota.

Mwalimu ndiye aliyeanza kusema. Alikunja gazeti akaniuliza kama anaweza kuuliza swali la mtu asiyejua. Nikamwambia aulize.

"Mwanangu, wewe na mwenzako mlikuwa mnaiuliza diski," alisema, "au mlikuwa mnaiuliza kompyuta?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwamba ni kitu kimoja, nikaufunga. Si kitu kimoja. Hilo nililijua tangu chuoni, ila nilikuwa nimelijua kwa namna ya kujibia mtihani. Kwenda mpaka kwenye diski huchukua muda, kwa hiyo kompyuta ikishasoma ukurasa mara moja inaweka nakala kwenye kumbukumbu yake ya muda. Ukiuliza tena, inakupa ile nakala, haiendi tena kwenye diski. Kwa kawaida nakala na diski vinafanana, na maisha yanaendelea. Ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria ni hili: je, kama kompyuta inaweka nakala moja kwa jina la diski nzima, na nyingine, tofauti kabisa, kwa jina la patisheni, na hizo mbili hazipeani habari?

Niliinuka nikatafuta flashi yangu ya zamani isiyo na kitu cha maana. Nikamwomba mume wangu asogeze kiti. Alisogea, bado amenuna, lakini fundi akiona jaribio hawezi kutazama pembeni.

Kwanza nilisoma mwanzo wa patisheni ya flashi ile kwa jina la patisheni. Sifuri tupu. Halafu, mahali palepale, nikaandika neno MAHINDI kwa jina la diski nzima. Nikasoma kwa jina la diski nzima: MAHINDI. Nikasoma kwa jina la patisheni: sifuri tupu, kama mwanzo.

"Tazama," nilimwambia. "Hapa ndipo ulipokuwa umekaa wewe."

Aliweka miwani usoni. Akaniuliza, sasa ile kazi yako ilifutikaje, maana mimi ukurasa wa kwanza sikuugusa. Lilikuwa swali zuri, na nilifurahi kwamba ameuliza badala ya kuondoka. Nikamwomba yeye mwenyewe aandike neno lolote pembeni kidogo ya pale nilipoandika mimi, kwa jina la patisheni, kama alivyofanya mchana. Akaandika MBAAZI. Nikasoma kwa jina la diski nzima, na MAHINDI yangu bado yalikuwepo. Kisha nikachomoa flashi na kuichomeka upya. Nikasoma. MBAAZI zilikuwepo. Mahali pa MAHINDI palikuwa na sifuri.

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyelimaliza, kwa sauti ya chini, kama anayejieleza mwenyewe. Kompyuta haichukui neno moja moja kulipeleka kwenye diski. Inachukua ukurasa mzima. Alipoandika kile kipande chake, kompyuta ilikiingiza kwenye ile nakala ya zamani ya patisheni, ambayo ndani yake takataka za mwanzo zilikuwa hazijaondoka, kisha ikaupeleka ukurasa wote kwenye diski, juu ya kazi yangu. Na mimi dirishani kwangu nikaendelea kuonyeshwa nakala yangu nzuri, ambayo kwenye diski haipo tena.

"Kwa hiyo nimeifuta kweli," alisema.

"Umeifuta ukiwa sahihi," nilimjibu. "Na mimi nilikuwa sahihi nikiwa nimekosea. Nisamehe, baba."

Alisema hakuna cha kusamehe, halafu akaongeza kwamba korosho za mwalimu zingesaidia. Nikazifungua. Tulikula tukiwa tumesimama, watatu, na mwalimu alikula nyingi kuliko sisi, akisema kwamba akiwa kwake hazigusi, ila zikifika Songea zinapata ladha.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Tulikubaliana kutumia jina moja tu, la patisheni, na kila mmoja akitaka kuandika amwambie mwenzake. Kuna amri fupi ya kuiambia kompyuta itupe nakala zake za diski fulani na kwenda kusoma upya. Nilikuwa nimeiona mara nyingi kwenye orodha ya amri na kuipita, kama mtu anavyopita duka ambalo hajawahi kuhitaji kitu chake. Nikaitumia mara mbili, kwa jina la diski nzima na kwa jina la patisheni, ili kusiwe na nakala yoyote ya zamani iliyojificha. Nikachukua tena nakala ya ukurasa wa kwanza kutoka mwisho wa patisheni. Nikaiandika. Nikatupa kumbukumbu. Nikasoma kwa jina la patisheni, safi. Mume wangu akasoma kwa jina la diski nzima, safi. Nikachomoa, nikachomeka, tukasoma tena, safi.

Nikaiambia kompyuta ifungue patisheni, na safari hii haikusema kitu. Ilileta tu majalada, yamepangwa kwa majina ya vijiji.

Mwalimu alikuwa ameshasimama. Nilimuuliza tufungue lipi, akaweka kidole kwenye skrini bila kusita. Kwanza ikasikika kuku, kisha mtu anatwanga, kisha sauti ya bibi mzee sana, yenye kukwaruza, inazungumza kwa kasi. Mimi ni Mngoni na Kiyao nakisikia kama mvua ya mbali, najua inanyesha lakini sijui wapi. Nilimuuliza mwalimu bibi anataja ndege gani.

Mwalimu alikuwa ametazama chini. Mwanzoni nilidhani analia, kumbe anacheka, mabega yanatikisika.

"Hajataja ndege hata mmoja," alisema. "Ananigombeza. Anasema mtu mzima mwenye akili zake anakuja kuniuliza majina ya ndege wakati mbuzi wake wanakula muhogo wangu."

Alitueleza kwamba siku ile alikuwa amekwenda na mbuzi wawili wa kumpelekea mkwewe, akawafunga vibaya. Bibi yule alikuwa dada mkubwa wa mama yake. Alifariki mwaka uliofuata. Ndege alikuja kuwataja baadaye, kwenye rekodi nyingine, wengi kuliko mtu yeyote pale kijijini, lakini mwalimu alikuwa akipenda kuanza na ile ya mbuzi. Hao wageni aliotaka kuwasikilizisha siku ya king'amuzi walikuwa wajukuu wa bibi huyo, na alitaka wamsikie akigombeza, kwa sababu hakuna aliyekuwa anagombeza vizuri kama yeye.

Tuliisikiliza mara tatu. Mteja mmoja aliingia kuulizia chaja, akasimama mlangoni akisikiliza, akaanza kucheka kabla sisi hatujacheka. Alikuwa Myao wa Majengo. Akakaa kwenye benchi karibu na mwalimu, wakaanza kuulizana ukoo, na chaja ikasahaulika kwa nusu saa nzima.

Jua lilikuwa bado linaiangaza milima ya Matogoro tulipofunga. Nilikuwa nimeshaitoa diski ya mwalimu kwenye droo na kuitengeneza vilevile; nikampa pamoja na ile nakala tuliyoifanyia kazi, iwe nakala yake ya pili, nikamsihi zikae nyumba mbili tofauti, na zote mbili zisikutane kabisa na king'amuzi. Aliahidi. Tulipanda naye njia ya Msamala kwa miguu, watatu, kwa sababu alisema kukaa benchi siku mbili kumemkausha magoti. Njiani alimuuliza mume wangu tumeoana miaka mingapi, akajibiwa kumi na minne. Akasema kwamba darasani aliwahi kuona walimu wawili wakigombania kipindi kimoja cha hesabu kwa muhula mzima, na kwamba sisi tumemaliza la kwetu kabla ya alasiri. Kisha akatuaga, akaingia kwa mpwa wake, na tukasikia akianza kumsimulia kabla mlango haujafungwa.

Alifika Namasakata salama akapulizia mikorosho yake. Baada ya wiki tatu alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Alisema nakala ya pili ameipeleka kwa mwalimu mwenzake anayekaa Tunduru mjini, na kwamba wale wajukuu walikuja tena wakamsikia bibi yao. Mmoja, dada mtu mzima mwenye watoto wake, aliomba airudie ile ya mbuzi mpaka akaijua kwa moyo, na sasa watoto wake wakikosea anawagombeza kwa maneno yaleyale.

Mume wangu naye alibadilika kidogo. Alikuwa mtu wa vyuma tu, haamini asichoweza kukishika kwa koleo. Baada ya siku ile akaanza kunisogelea jioni za Jumamosi tukiwa ofisini, kuniuliza kompyuta inaweka nini kwenye kumbukumbu na kwa muda gani, na ikizimwa ghafla kinapotea kipi. Mengine niliyajua, mengine ilibidi tujaribu kwenye ile flashi ya zamani. Tumeandika humo karibu kila zao linalolimwa Ruvuma.

Na ngazi yetu bado iko kwa jirani.